Mzungu Aliyemfundisha Mume Wangu Kusukumana

Siku ya akdi yangu, bwana harusi aliingia barazani kwetu Kilwa Kivinje amevaa kofia ambayo haijapata kuonekana kichwani mwa mtu tangu mji ule uitwe mji. Mimi nilikuwa chumbani, nimefunikwa kanga mpaka puani kama ilivyotakiwa, lakini dirisha lilikuwa na ufa na macho yangu yalikuwa mazima. Kofia ilikuwa ya mahameli, nyekundu iliyokolea, imezungushiwa uzi wa fedha, mbele ina ulimi mdogo, na juu ina shada la nyuzi lililoangukia sikioni. Shangazi yangu, aliyewekwa pale anilinde, alinisukuma kichwa pembeni akachungulia yeye.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "huyu ndiye yule mpishi?"

"Ndiye, shangazi."

"Mpishi wa nani, wa Sultani?"

Hakuwa mpishi wa Sultani. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mzee, msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Tingi. Yeye mwenyewe alikuwa Mmwera wa Rondo, Mwislamu safi, lakini baba zangu wadogo walimwita mtu wa bara kwa namna ya kumtemea mate. Walikuwa wameshasema waziwazi kwamba atakuja kuoa na kofia ya kuazima. Basi akaapa kuwafumba midomo. Ndani ya sanduku la bati la mzungu wake kulikuwa na kofia ile, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuitoa juani kila baada ya masika isiliwe na nondo. Aliwahi kumwuliza mzungu ni kofia ya nini, akajibiwa, "Nilipewa na nchi yangu." Mume wangu akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angeelewa: hiyo ni kofia ya ukubwa, kama joho la liwali. Na kwa kuwa mzungu alikuwa safarini Kiswere, aliona si vibaya ikatoka sandukuni kwa saa moja, ikala pilau, ikarudi.

Kadhi alikuwa amemshika mkono, amefika mahali pa kumwuliza kama amekubali kunioa kwa mahari tuliyopatana, mzungu akaingia.

Kumbe alikatisha safari yake ili aje harusini. Mkononi alikuwa na taa mpya ya chemli, zawadi yetu. Alisimama mlangoni, amevua viatu kama watu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile kofia. Mume wangu alimwona. Neno la kukubali halikutoka. Kadhi akauliza tena. Nikasikia baba yangu mdogo akisema, "Amemkataa binti yetu," na wallahi mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nilikuwa nimepambwa, nimesingwa, mji mzima uko uani kwetu unakula, na mwanamume ananikataa mbele ya kadhi! Ndipo yule mzungu akatikisa kichwa kidogo, kama anayempa ruhusa. Mume wangu akasema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Mzungu akakaa mkekani, akala kwa mkono, akatoa pongezi, akaondoka zake. Hakuigusa kofia wala kuitaja, na jioni ile mume wangu akairudisha sandukuni mbio.

Fungate yangu basi ndiyo hiyo. Wenzangu husimulia fungate zao huku wakificha uso. Mimi nilikaa ndani na mwanamume anayesikiliza barabara badala ya kunisikiliza mimi. Kila viatu vilipopita alikaa wima. Kumwibia mzungu zama zile kulikuwa na viboko na jela juu yake, na aliyeonwa na mji mzima atajitetea kwa lipi? Nilimwambia, "Ungevaa hata kofia yako iliyochakaa ningeolewa nawe vilevile." Akaniangalia kama nimemtukana.

Aliporudi kazini alimkuta mzungu ameiweka kofia mezani, na kando yake picha moja ya zamani. Wanaume wameketi na kusimama kwa safu, wamekunja mikono vifuani, wamevaa kaptura, na wa mbele wamevaa kofia zilezile. Nilikuja kuiona baadaye kwa macho yangu. Nilishtuka kuona wazungu wazima, wenye masharubu, wamepiga picha na magoti wazi.

Jioni ile mume wangu alinihadithia yote aliyoambiwa, nami nikawa namkatiza kila hatua, kwa sababu hayakuniingia akilini.

Mzungu yule hakuwa Mwingereza, na ukimwita Mwingereza alikasirika. Alitoka kinchi kidogo cha milima na mvua kilichobanwa ubavuni mwa Waingereza. Tangu ujana wake alishuka chini ya ardhi kuchimba makaa ya mawe, na kila Jumamosi alipanda juu, akanawa uso, akaenda kucheza raga. Raga ni mpira unaochezwa kwa mikono, na mpira wenyewe si wa mviringo, una umbo la nazi isiyofuliwa. Wengine kazi yao ni kukimbia nao. Yeye kazi yake ilikuwa kusukuma. Wanaume wanane wa upande huu wanainama, wanashikana, wanaingiza vichwa vyao kati ya mabega ya wanane wa upande ule, na wanasukumana kama mbuzi wa sikukuu mpaka mmoja ashindwe.

"Na wa nyuma vichwa wanaweka wapi?" niliuliza.

Mume wangu alisita. "Mapajani mwa wa mbele."

"Astaghfirullah."

"Ndivyo alivyosema."

Huyu mchimba makaa alisukuma vizuri kiasi kwamba nchi yake ilimwita. Akashonewa fulana nyekundu, akapelekwa kwa treni kucheza na hao hao Waingereza, mbele ya umati unaoimba nyimbo za dini uwanjani. Wakawashinda. Ndipo akapewa ile kofia. Nilimwuliza mume wangu, mzungu alipewa nini kingine: shamba, nyumba, cheo? Hakupewa kitu. Tena angepokea malipo yoyote kwa kucheza angefukuzwa asicheze tena maisha yake yote, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Jumatatu alirudi shimoni kama kawaida. Nilishangaa hadi nikaacha kupepeta mchele. Mimi nikidhani sisi ndio tunaotumikishwa bure.

Aliitwa tena mara kadhaa. Alicheza uwanja uliogandishwa na baridi, alicheza ng'ambo ya maji, alivunjwa pua, na masikio yalisuguliwa hadi yakajikunja kama majani ya kisamvu kilichopikwa. Hayo masikio sote Kivinje tuliyajua, tukidhani ni ugonjwa wa kwao. Halafu siku moja lile rundo la watu likaanguka naye akiwa chini. Alisikia kitu kikilia shingoni. Wenzake waliamka wakaendelea na mchezo, na wakati wanashangilia ndipo wakaona mmoja hajainuka. Alilala kitandani miezi mingi. Akapona, lakini shingo haikugeuka tena, na jina lake halikuitwa tena. Shimoni nako hawakumtaka. Vita vya Wajerumani vilipokuja akachukuliwa kuswaga nyumbu wa mizigo, akateremshwa huku kwetu Kilwa, nyumbu wakafa bara kwa mbung'o, yeye akabaki kwenye mkonge.

"Sasa na wewe amekuhukumu nini?" nilimwuliza mume wangu, maana hilo ndilo nililokuwa nalingoja.

"Amesema kofia ile haivai mtu asiyecheza. Mimi nimeshaivaa. Kwa hiyo nitacheza."

Nilidhani ni utani wa kizungu. Haukuwa utani. Kila alasiri, kazi ya jikoni ikiisha, walikwenda uwanja wa kuanikia katani nyuma ya nyumba ya mzungu. Sisi tulipewa chumba upande wa uani, na dirisha langu lilitazama uwanja ule. Siku ya kwanza nilipoona mume wangu amevua shati, ameinama na mzee wa kizungu, mabega yamegusana, mikono imekamatana makwapani, wanakoroma na kupigana vikumbo kati ya kamba za katani, nilitupa mwiko nikakimbia kwa shangazi. Shangazi alikuja akasimama dirishani kwa muda mrefu, kanga imemziba mdomo.

"Hao hawana ugomvi?" akauliza.

"Hawana."

"Basi ni wagonjwa."

Nilimwambia mume wangu aache. Nilinuna, nikamwekea chakula bila neno. Yeye akanijibu kwamba mzee hasukumi kwa nguvu, anafundisha tu: mgongo unyooke, mguu wa kulia urudi nyuma, kichwa kiingie chini ya kwapa la mwenzako wala kisigongane na chake. Walitumia nazi yenye makumbi badala ya mpira. Na ukweli niuseme, mzungu yule alibadilika. Mtu aliyekuwa akinisalimu kwa kugeuza mwili mzima kama mlango, kwa sababu ya shingo, sasa alinisalimu akicheka. Alianza kula. Aliimba kwa lugha yake akinyoa ndevu. Nikaanza kumwonea huruma, na huruma ikanifanya ninyamaze, na kunyamaza kwangu hakukutusaidia.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, nao walianza mapema, baada ya adhuhuri. Nilikuwa dirishani nachambua mchicha. Mzee alisema kitu, mume wangu akatikisa kichwa kukataa. Mzee akasema tena kwa ukali, akapiga kofi bega lake mwenyewe. Nikaona mume wangu anashuka, safari hii ameikaza miguu kweli kweli, na mzee akaingia kwa nguvu zake zote. Walisimama hivyo, hakuna aliyesogea, mishipa imewatoka. Kisha nikasikia. Sikudhani mfupa wa mtu unaweza kusikika mbali vile. Mzee akateleza kifuani mwa mume wangu akaanguka chali, na mikono yake ikabaki jinsi ilivyoangukia.

Nilifika mbio. Macho yalikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, amemshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwa sauti na kuita, "Bwana! Bwana!" Mzee akasema kwa Kiswahili chake, polepole, nami nilisikia kila neno:

"Usilie. Daktari aliniambia nisirudie, nitakufa. Nilijua. Nilitaka mara moja tena."

Hakusema jingine. Walimbeba kwa kitanda hadi hospitali ya mjini, na kabla ya alasiri alikuwa amekufa.

Sijui wengine huhisi nini mbele ya maiti. Mimi nilipigwa na bumbuwazi, halafu nikapandwa na hasira hadi meno yakagongana. Alijua! Alijua kwamba ile ni njia ya kufa, akachukua bega la mume wangu akalitumia. Nchi yake ilimnyima mara moja tena, akaja kuichukua kwetu. Na mume wangu je? Mpishi mweusi, amekutwa ameshika kichwa cha mzungu aliyevunjika shingo. Nani atasikiliza kilichobaki?

Askari walimfunga pingu jua halijatua. Mgema mmoja, aliyekuwa juu ya mnazi akigema tembo, alieleza alichokiona, na hakusema uongo hata kidogo: aliona mpishi amemkaba Bwana shingoni, wakasukumana, Bwana akaanguka. Na mji mzima ulikuwa umeiona ile kofia harusini kwangu. Watu waliunganisha wenyewe: kaiba, kagunduliwa, kaua. Baba zangu wadogo waliunganisha haraka kuliko wote. Mmoja alinishauri nidai talaka upesi, kabla sijawa mjane wa mtu aliyenyongwa. Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo, na siyajutii.

Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa ziarani. Aliporudi, mume wangu alitolewa mahabusu akapelekwa barazani kwake bomani. Nilikwenda na shangazi, tukakaa chini nje ya mlango, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto tuliona yote. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza kijana, mnene wa shingo. Karani alikuwa mezani, liwali kitini, askari wawili wamesimama.

"Uliivaa kofia yake?" Bwana Shauri aliuliza.

"Niliivaa, Bwana."

"Alikuona?"

"Aliniona."

Shangazi alinikamata mkono akaubana. Nilihisi kamba imeshafungwa.

"Siku aliyokufa mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunacheza, Bwana."

Karani alicheka. Askari mmoja naye akacheka. Liwali akaangalia dari kwa aibu, maana mtu anayejitetea hivyo hata huruma humwondokea. Bwana Shauri hakucheka.

"Mlikuwa mnacheza nini?"

"Raga. Tulikuwa tunasukumana."

Yule kijana aliweka kalamu chini. Akamwambia askari amfungue mume wangu pingu. Kisha akasimama, akavua koti, akavua saa yake, akasogeza meza mwenyewe kwa mikono yake mpaka ukutani.

"Nionyeshe," akasema.

Mume wangu hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikataka kupiga kelele asifanye. Akimvunja na huyu? Lakini Bwana Shauri alikuwa ameshainama katikati ya ofisi ya Serikali, mbele ya liwali, ametanua mikono. Mume wangu akafumba macho. Kisha akashuka. Mgongo ukanyooka. Mguu wa kulia ukarudi nyuma. Kichwa kikapita chini ya kwapa, mkono ukakamata shati pale pale panapotakiwa, na wakaingiana kwa kishindo hadi kitabu kikaanguka rafuni. Bwana Shauri alisukuma. Alikuwa kijana, ameshiba, ana nguvu, akasukuma uso ukaiva. Mume wangu, aliyekuwa hajala vizuri tangu afungwe, alisimama pale kama amejengewa. Karani alikuwa amepanda juu ya kiti. Liwali alikuwa akisoma aya, midomo inamchezacheza.

Walipoachana, Bwana Shauri alibaki ameinama, mikono magotini. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Nani alikufundisha kuweka mguu hivyo?"

"Yeye, Bwana."

"Alikuambia yeye ni nani?"

"Alisema nchi yake ilimpa kofia."

Bwana Shauri akakaa kwenye ukingo wa meza. Akasema, kama anayejisemea, kwamba shuleni kwao wavulana walifundishwa jina la mtu huyo. Na hapa Kilwa, kila Jumamosi mzee yule alikuja klabuni kwa wazungu akakaa pembeni na glasi moja, hakuna aliyemwuliza neno, naye hakusema. Walimhesabu mzee wa mkonge tu. Nilimwona kijana wa watu ameshtuka kweli, amekuwa mweupe kama karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaanza kupumua. Alikuwa ameuona ukweli. Ameushika kwa mabega yake mwenyewe.

Kisha akavaa koti. Alipomaliza kufunga vifungo alikuwa mtu mwingine.

"Sikiliza," alimwambia mume wangu. "Haiwezekani kuandikwa kwamba mtu yule alikufa akisukumana na mpishi wake. Kwao hawatakubali, na hapa haitakubalika. Alianguka kwenye ngazi za nyumba yake. Mgema ameona vibaya. Wewe hukuwepo, ulikuwa jikoni. Ukisema hivyo, leo unakwenda nyumbani. Ukisema la raga, siwezi kukusaidia. Umesikia?"

Mume wangu alitazama mikono yake. Nikamwomba Mungu amlegeze ulimi, aseme uongo upesi, tuondoke.

"Nimesikia, Bwana."

"Alikufaje?"

"Alianguka kwenye ngazi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, shangazi mbele, sisi nyuma. Watu walitoka milangoni kutuangalia. Tulipofika, nikamchotea maji, nikamkandakanda bega lililokuwa limevimba, nikamwambia, "Mume wangu, sasa tuko peke yetu. Niambie, alikuambia nini kabla hamjashikana ile mara ya mwisho? Nilikuona ukikataa."

Akanitazama mimi, niliyesimama dirishani, niliyefika mbio, niliyesikia ule mfupa.

"Alianguka kwenye ngazi," akasema.

Niliuliza tena mwaka uliofuata, na tulipozaa, na alipokuwa mzee anaumwa. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile, hadi nikaelewa kwamba hakuwa ananificha, alikuwa anaogopa bado. Alizikwa nalo, Mungu amrehemu. Nyumba ya yule mzungu mimi nimeifagia kila chumba. Ilijengwa chini, sawa na ardhi. Haikuwa na ngazi hata moja.